Kijana, Kapime Kabla Hujaugua

(Mazungumzo ya Afisa Elimu ya Watu Wazima na wahitimu wa kisomo, mkoani Geita)



Leo sikuja na chaki. Nimekuja na swali moja. Wewe kijana wa miaka 25 au 30, ni lini ulikwenda zahanati hali huumwi kitu?

Naona mnacheka. Mnasema zahanati ni ya kina mama na watoto. Haya, niambieni: kabla ya kushuka duarani, si mnakagua kwanza magogo yanayozuia kifusi? Na ng'ombe nyumbani, si anapelekwa joshoni kabla kupe hawajamuua? Basi mbona mwili wako unaungoja mpaka ukuangushe?

Nilikuwa na mwanafunzi mmoja, kazi yake kwenye karasha. Alikohoa tangu kupanda mahindi mpaka kuvuna. Kila nikimwuliza, "Ni vumbi tu, mwalimu." Alipopimwa makohozi, alikutwa na kifua kikuu. Mtoto wake mdogo naye alikuwa ameambukizwa. Walitibiwa, wakapona. Lakini baba yule mpaka leo akibeba kiroba kimoja anahema kama mzee.

Ndugu zangu, "ni vumbi tu" ni neno la hatari. Vumbi la mawe lina silika. Likiingia mapafuni huacha makovu, na makovu hayo hayaponi. Tena pafu lenye makovu hushikwa upesi na kifua kikuu. Kwa hiyo mchimbaji wa Nyarugusu, Rwamgasa au Mwakitolyo ana sababu zaidi ya kupima, siyo kidogo.

Sasa tupime nini?

Kwanza, kifua. Ukikohoa wiki mbili, au ukitoka jasho usiku na kukonda, nenda ukapimwe. Dawa za kifua kikuu ni bure. Kwa kawaida hunywewa miezi sita, bila kuacha njiani.

Pili, damu, kwa ajili ya virusi vya Ukimwi. Kambi za dhahabu zina pesa na wageni wengi, mnajua wenyewe. Anayejua mapema huanza dawa mapema, akaishi na kulea wanawe.

Tatu, shinikizo la damu. Hili haliumi, wala halipigi hodi. Kipimo kikifika 140 kwa 90 au zaidi, na kikirudiwa siku nyingine kiwe vilevile, mwone mganga.

Nne, mkojo na choo, kwa ajili ya kichocho. Kanda yetu ya ziwa inacho kingi. Na anayechoma zebaki amwambie mganga kazi yake, asifiche.

Mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, wazee wetu walikaa vikundi vikundi kusikiliza redio na kusoma vitabu. Kisha wakachimba vyoo. Hawakungoja kuhara kwanza. Walisoma, wakatenda.

Nasi tutende. Kazi ya nyumbani ni hii: kabla ya mwezi kwisha, nenda zahanati pamoja na mwenzako wa duara. Ukipewa kadi, isome mwenyewe. Pasipoeleweka, uliza. Andika tarehe ya kurudi kwenye daftari lako la kisomo.

Dhahabu ya mwamba huu itakungoja. Mapafu yakishakufa, hayachimbwi mengine.