Betri Inapokwisha Moto Majini



Huku kwetu Kenya uwindaji wa wanyama wa pori ulipigwa marufuku mwaka 1977, kwa hiyo leo nawapeleka Marekani, kwa wawindaji wa bata mwitu. Sheria yao huwaruhusu kupiga bata kuanzia nusu saa kabla ya jua kuchomoza, basi inawabidi waingie majini gizani, tena wakati wa baridi. Tuseme ni wawili, kijana na mzee, pamoja na mbwa, bunduki na gunia la bata wa bandia. Asubuhi inapita vizuri. Upepo unapoanza wanataka kurudi. Wanabonyeza stata: tik, tik, kisha kimya.

Betri ile haikufa asubuhi hiyo. Betri ya asidi ikikaa bandani miezi mingi bila kuchajiwa hupungua polepole, na baridi kali huinyang'anya sehemu kubwa ya nguvu iliyobaki. Alfajiri iliwasha injini mara moja, wenyewe wakaridhika.

Wafanye nini? Wengi hukimbilia injini, na huku upepo unaichukua mashua. Mvuvi wa Ziwa Victoria angewaambia: nanga kwanza. Kisha wahakikishe wamevaa maboya, na risasi zitolewe katika bunduki. Ndipo waitazame betri. Mara nyingi waya umelegea tu, au vichwa vya betri vimeshika kutu. Vikikwanguliwa na kukazwa, injini hushika. Sigara ikae mbali, maana betri hutoa gesi inayolipuka. Injini ndogo nyingi huweza kuvutwa kwa kamba, nazo zikishawaka huendelea bila betri. Lakini gia iwe huru kwanza, asije mtu akatupwa majini.

Na ikikataa? Hapo ndipo penye jaribu lenyewe. Ufuo unaonekana karibu, na yule kijana anasema, "Mimi nitaogelea." Maji ya baridi hayajali misuli ya mtu, mikono hufa ganzi kwa dakika chache. Tena akienda, mzee atabaki peke yake na kamba ya injini asiyoweza kuivuta.

Someni Matendo 27. Usiku ule wa dhoruba mabaharia walitupa nanga nne upande wa nyuma wa merikebu, wakangoja kuche. Kisha baadhi yao wakashusha mashua ndogo, wakisingizia kwenda kutupa nanga za mbele. Kumbe walitaka kutoroka. Paulo, mfungwa tu, akawaambia askari kwamba wale wakiondoka wengine hawataokoka. Askari wakazikata kamba, mashua ikaenda zake tupu. Luka ametuandikia hata hesabu ya watu: 276, na wote walifika nchi kavu. Mimi hujiuliza mabaharia wale walitazamaje nyuso za abiria kulipokucha.

Basi kijana na akae. Kama walimwambia mtu wa nyumbani mahali wanapokwenda na saa ya kurudi, sasa hivi mtu huyo anaitazama saa. Kama hawakumwambia, wana tochi na filimbi. Wajikunyate pamoja na mbwa wao kuuepa upepo, wapige filimbi, wasikilize, wapige tena.