Mbele ya kupiga kelele, tupime: nani anakata intaneti yetu?

Maneno yaliyosemwa mu mkutano wa vijana wetu, Lubumbashi

Niliombwa kusema ju ya intaneti ya nyumba, ile yenye tunalipa kila mwezi na inatuacha njiani kila jioni. Nitaanza na haya yangu mwenyewe.

Mwaka jana ilikuwa inakatika kwangu kila siku. Nikakasirika, nikaandika barua kwa kompanyi, nikapita nyumba kwa nyumba mu avenyu yetu, majirani 11 wakatia sahihi. Kompanyi ikatuma fundi. Huyo fundi hakupanda juu ya nyumba, hakugusa antene. Alitoa kipimo cha umeme mufukoni, akapima chaja ya modemu. Juu yake imeandikwa volti 12, yeye akakuta 9 na kidogo. Mnajua namna umeme wa hapa unarudi kisha delestaji, unarudi kwa hasira. Chaja ilikuwa imechoka, modemu inazimika na kujiwasha yenyewe, na mimi niko nalaumu kompanyi. Barua yetu ikafia hapo. Lakini kati ya wale 11, wengine walikuwa na shida ya kweli, na shida yao ikafungwa mu droo pamoja na chaja yangu. Hiyo njo iliniuma.

Kwa hiyo leo nawaomba tujifunze kutafuta kosa liko fasi gani. Intaneti inapita mu vipande vitatu: kutoka simu yako mpaka modemu, kutoka modemu mpaka mnara au waya wa kompanyi, na kutoka kompanyi mpaka inje ya inchi. Kila kipande kinaulizwa peke yake.

Cha kwanza kiko mu nyumba yako. Mu kompyuta kuko amri inaitwa ping, ku simu kuko programu za bure zenye kufanya kazi ile ile. Geuza modemu, chini yake kuko karatasi yenye anwani, mara nyingi 192.168.1.1 ao 192.168.0.1. Ipigie ping. Uko nayo mu nyumba moja, inapashwa kujibu kwa milisekunde chache. Ikijibu kwa mia tatu, ao ikinyamaza mara kwa mara, chomeka waya kati ya kompyuta na modemu, upime tena. Na waya inaenda vizuri? Basi kompanyi haina kosa, ni wifi yako. Itoe chini, itoe nyuma ya televizyo, iweke juu, katikati ya nyumba. Wifi ya 2.4 inaenda mbali lakini majirani wote wako mu ile ile. Jaribu chaneli 1, 6 ao 11. Ile ya 5 ni ya mbio, ila ukuta mmoja wa matofali ya kuchoma unaichosha. Na badilisha kodi, jamani. Nusu ya kartie inaijua.

Kipande cha pili: piga ping ku 8.8.8.8, kompyuta ikiwa bado ku waya. Modemu inajibu lakini 8.8.8.8 hapana? Shida iko inje. Ikijibu, lakini hakuna ukurasa unafunguka kwa jina lake, ni kitabu cha majina njo kimeharibika, kile kinaitwa DNS. Ingia mu modemu, andika 1.1.1.1 ao 8.8.8.8.

Wenye modemu ya SIM, andika ile anwani mu kivinjari, utafute namba inaitwa RSRP. Ni namba ya kutoa, na ile yenye kuwa karibu na sifuri njo nzuri: -85 iko sawa, -100 unaanza kuhangaika, chini ya -110 usishangae. Mabati yanazuia mawimbi sana. Sogeza modemu ku dirisha lenye kuangalia mnara, namba itabadilika mbele ya macho yako. Wenye waya wa fibre, angalia taa ya LOS. Ikiwa nyekundu, mwanga haufiki kwako. Usifungue kitu, ita fundi.

Sasa, jambo lenye tunapashwa kupigania. Pima mbio saa kumi na mbili asubuhi, pima tena saa mbili usiku, kwa waya, simu zingine zote zimetoka mu wifi. Kama RSRP haikusogea lakini mbio imeanguka kutoka 15 mpaka 1, mnara umejaa. Wameuza kuliko wanavyoweza kubeba. (Na tusidanganyane ku hesabu: wanauza kwa megabiti. Megabiti 10 kwa sekunde ni megabaiti 1.25 tu ya fayili yako. Wengi wanalalamika ju ya hiyo, na si wizi.)

Kama mitandao yote imekufa saa moja, usilaumu mnara wako. Tarehe 6 Agosti 2023 waya wa WACS, wenye kuingia kwetu Muanda, ulikatika chini ya bahari: matope yalianguka mu bonde lenye mto wetu Kongo umechimba huko. Ilingoja meli ya kutengeneza, wiki kadhaa. Na kisha uchaguzi wa Desemba 2018 ni serikali njo ilikata, karibu siku 20. Hiyo haitengenezwi na modemu.

Kila kipimo kiandikwe: tarehe, saa, umeme uko ao hauko, ping mbili, RSRP, mbio, na picha ya skrini. Kumbukeni RAM, ile kodi ya simu iliyofutwa mu 2022. Kila mtu alikuwa anaona ku simu yake iniite zinakatwa, hakuna aliyeweza kutuambia tunaota.

Mara ya pili tulipima nyumba 6 kwa siku 14. Mbili zilikuwa na shida ya wifi, tukazitengeneza bila hata franka. Nne zilikuwa zinaanguka saa ile ile ya usiku, mnara ule ule. Tukaandika ju ya hizo nne tu. Safari hii hawakutuma fundi na kipimo cha chaja. Walijibu kwa maandishi kwamba mnara umejaa. Bado hawajaongeza kitu, na fakture inaendelea kuja nzima. Barua inayofuata itaenda ku ARPTC, mamlaka yenye kusimamia makompanyi ya simu, lakini nne ni kidogo. Natafuta nyumba zingine 20, zaidi upande wa Ruashi na Katuba.

Madaftari yako pa meza, chukueni moja kwa nyumba. Na mwenye kipimo cha umeme, aje nacho Jumamosi, tuanze na chaja.