Ng'ombe wa Miguu Mitano

Mzazi mwenzangu unayetusikiliza, ukuta umechorwa mkaa tena? Kabla hujatafuta fimbo, chuchumaa uutazame. Yule ng'ombe ana miguu mitano. Usimuulize mtoto, "Hiki nini?" Ataanza kujitetea. Mwambie, "Hebu nisimulie." Huenda mguu wa tano ni mkia, au ng'ombe anakimbia.

Vifaa visikutishe. Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, alianza kuchora jijini Dar es Salaam mwaka 1968 bila kusomea uchoraji, akitumia vipande vya bodi za dari na rangi za kupaka baiskeli. Leo mtindo ule unaitwa kwa jina lake. Wewe una boksi la sabuni, mkaa, udongo mwekundu, na manjano ya mchuzi. Manjano, nakuonya mapema, hayatoki kwenye shati la shule.

Ila usimshike mtoto mkono ili umsahihishie twiga. Ile shingo fupi ni yake, mwachie. Akimaliza, picha ibandike sebuleni, pale wanapokaa wageni, siyo nyuma ya mlango wa stoo.