Maji ya Rejeta katika Lori la Dizeli

Leo twataka kunena nanyi habari ya kitu ambacho wengi hukidharau, nacho ni maji ya rejeta. Huenda mtu akasema, "Hiyo ni kazi ya dereva na fundi." Sivyo. Lori la ushirika likifa njiani, mahindi hunyeshewa, soko hupita, na deni la matengenezo hutuangukia sote. Kwa hiyo yampasa kila mwenye sehemu katika mali hiyo ajue jinsi itunzwavyo.

Injini hii, ambayo Rudolf Diesel wa Ujerumani aliifanikisha mwaka 1897 katika mji wa Augsburg, huwasha mafuta kwa joto la hewa iliyobanwa sana. Joto jingi haligeuki kuwa nguvu. Sehemu yake hubaki katika chuma. Maji huzunguka humo, hulichukua joto lile na kulipeleka kwenye rejeta, upepo ukalipoza.

Watu wengi hutia maji matupu ya kisima au ya mto. Hasara zake ni hizi. Kwanza, huleta kutu. Pili, chumvi na chokaa yake hugandamana ndani kama ukoko wa birika, hata joto lisipate njia ya kutoka. Tatu, huchemka upesi, hasa milimani. Huko Mbeya, palipo karibu mita 1,700 juu ya bahari, maji yaliyo wazi huchemka karibu na digrii 94, wala hayangoji 100. Ndiyo maana mfuniko wa rejeta hubana: mkazo wa ndani huyazuia maji yasichemke mapema. Mfuniko uliolegea ukikuta lori lenye mzigo likipanda Kitonga, shida i karibu.

Tena yuko adui asiyeonekana. Pistoni ya dizeli hugonga ukuta wa silinda, nao ukuta hutetemeka. Upande wa maji hutokea vipovu vidogo mno, navyo vikipasuka humega chuma kidogo kidogo, mpaka ukuta ukatoboka kama jino lililoliwa na dudu. Hapo maji huingia ndani ya silinda, na injini huharibika.

Basi, maji yafaayo ni yale ambayo mafundi huyaita kulanti, yaani mchanganyiko wa maji safi, glaikoli, na dawa za kuzuia kutu na kulinda kuta za silinda. Mchanganyiko wa nusu kwa nusu, hata pasipo mkazo wa mfuniko, huchemka karibu na digrii 108 kwa kipimo cha pwani.

Katika kuchagua, msifuate rangi. Kijani, nyekundu au manjano ni rangi tu iliyotiwa na mtengenezaji, wala haionyeshi kwa hakika dawa iliyomo. Someni kitabu cha lori, mkanunue aina iliyoandikwa humo, tena iliyo ya injini kubwa za dizeli. Msichanganye aina mbili, maana dawa zaweza kupingana zikapoteza nguvu. Iliyokwisha changanywa kiwandani isiongezwe maji; iliyo kali ichanganywe kwa kipimo cha kitabu, na kwa maji yaliyokenekwa, yaani mvuke uliopozwa ukawa maji tena.

Katika kutunza, dereva atazame kimo cha maji kila asubuhi, injini ikiwa baridi. Asifungue mfuniko injini ikiwa ya moto, kwa kuwa mvuke humwunguza mtu vibaya. Wala asimimine maji baridi katika injini iliyochemka, maana chuma chaweza kupasuka. Maji yakipungua mara kwa mara pasipo kuvuja nje, au mafuta ya injini yakigeuka rangi ya maziwa, lori lisimame, fundi aitwe. Wako madereva waiondoao themostati ili injini ipoe. Hilo si tiba: injini isiyofikia joto lake hula mafuta mengi na kuchakaa upesi.

Dawa zilizomo huchoka. Kwa hiyo kulanti imwagwe na kubadilishwa kwa muda uliotajwa kitabuni, hata kama kwa macho yaonekana safi. Lakini isimwagwe ovyo. Glaikoli itumikayo mara nyingi ni sumu, nayo ina utamu unaowavuta watoto na mbwa. Iwekwe katika chombo kilichofungwa, wala si katika chupa ya soda.

Mwisho, twawasihi walimu na makarani wa vyama waweke daftari moja kwa kila lori: siku ya kubadilisha, aina iliyotiwa, na kipimo chake. Dereva huhama na fundi husahau, bali daftari husema. Wazee walikwisha kutuonya ya kuwa mali bila daftari hupotea bila habari.