Lami imefika, mtoto apite wapi?

Uzi. Haya niliyasema Jumamosi kwenye kikao cha wakazi huku kwetu Eastlands, Nairobi. Nayaweka hapa vile nilivyoyasema. Sitaji mtu wala chama.

1. Wazazi wenzangu, kila kampeni tunaambiwa, "Nimewaletea lami," nasi tunapiga makofi. Hata mimi nilipiga. Lami ikaja, na kijana wangu wa gredi ya pili akaanza kuogopa njia ya shule.

2. Zamani palikuwa na mashimo na matope. Gari lilitambaa. Mtoto alichafua viatu lakini alifika. Sasa matatu zinakwepa msongamano wa barabara kuu na kupita hapa mbio. Matuta hakuna. Mtaro uko wazi, na pembeni pamejaa vibanda na boda boda. Mtoto anabaki kutembea kwenye lami yenyewe.

3. Kuna atakayesema, "Si umpeleke mtoto wako?" Sawa. Mimi natoka saa kumi na moja alfajiri kutafuta unga. Dada yake wa gredi ya sita ndiye humshika mkono. Jirani yangu analipia gari la shule, linachukua wake mlangoni. Mwingine ana nyanya wa kuwasindikiza. Shule ni moja, umbali ni uleule. Hakuna anayependa mtoto kumliko mwenzake. Tofauti ni mfuko, na nani yuko nyumbani saa moja asubuhi.

4. Kwa hivyo njia ya miguu si urembo. Asiye na nauli wala nyanya ndiye anaihitaji zaidi. Na si wachache: Nairobi, takriban safari 4 kati ya 10 ni za miguu. Wanaotembea ndio pia wanaokufa zaidi kwenye barabara za Kenya.

5. Ukiuliza, utajibiwa, "Hiyo si barabara yetu." Jua hili mapema: kwa Katiba ya 2010, barabara za kaunti na taa za mitaani ni kazi ya kaunti. Barabara kuu za kitaifa ni za serikali ya kitaifa. Tena sera ya Kaunti ya Nairobi ya 2015 iliahidi asilimia 20 ya bajeti ya ujenzi wa barabara kwa wanaotembea, baiskeli na usafiri wa umma.

6. Basi kwenye kikao cha bajeti, tusiombe lami tu. Tuulize: njia ya miguu ina upana gani? Matuta na kivuko viko wapi karibu na lango la shule? Mtaro utafunikwa lini? Wenye vibanda watahamia wapi, maana nao wana watoto?

7. Akikuhesabia kilomita, mwambie atembee nawe moja tu, saa moja asubuhi, akiwa amemshika mtoto mkono. Halafu arudi kwa jukwaa atuambie.

Sambaza kwa grupu ya wazazi.