Mali bila Daftari: Kutunza Vipande vya Gari Linalofufuliwa

(Hotuba iliyosomwa mbele ya vijana wanaojifunza ufundi wa magari)



Leo sikuja kuwafundisha namna ya kufungua gari. Kufungua hata mtoto aweza. Neno langu ni juu ya vile vipande vilivyokwisha kufunguliwa: viwekwe wapi, na vijulikane kwa alama gani, hata ifike siku ya kuvirudisha mahali pake.

Naanza kwa kuungama kosa langu. Marehemu baba yetu alituachia Land Rover ya petroli, ya namna ile iliyoanza kutengenezwa mwaka 1958. Bodi yake ni ya aluminiamu, lakini fremu ya chini ni ya chuma, na kutu ilikuwa imeila. Mimi na ndugu yangu tukaazimu kulifufua gari lile. Kwa siku mbili tulifungua kila kitu, na kila bolti na kila nati tukatia katika debe moja, maana tulidhani kazi itakwisha mwezi ule ule. Fedha za kuchomelea fremu zikachelewa, masika yakaingia, na miezi minane ikapita. Tuliporudi kwenye debe letu, hapakuwa na aliyekumbuka lolote.

Basi tukabahatisha. Gari likasimama tena, majirani wakaja kutupongeza, na mama akataka apelekwe sokoni. Ndipo nilipoona nati moja imebaki chini ya debe. Ndugu yangu akasema, "Ni moja tu, haidhuru." Mimi nikakataa. Tulilala chini ya gari hata jua likachwa, tukagundua kuwa ni nati ya ncha ya fimbo ya usukani. Fimbo ile haikuzuiwa na kitu ila kubana kwake yenyewe. Kwa mashimo machache ya njiani ingalichomoka, na usukani usingaliweza tena kuyaongoza magurudumu. Na mama angalikuwamo garini.

Tangu siku ile nazifuata kanuni tano.

Kwanza ni daftari. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Kila kopo lipewe namba yake, na daftarini iandikwe vitu vilivyomo vilitoka wapi, ni vingapi, na ni vya upande gani: kulia au kushoto, mbele au nyuma. Tia na karatasi ndani ya kopo, maana maandishi ya nje hufutwa na mafuta. Piga picha kwa simu pia kabla ya kufungua. Lakini kumbuka kwamba picha haihifadhi nati.

Pili, kipande kikiisha kutoka, rudisha bolti katika matundu yake na uzikaze kwa vidole tu. Hapana kopo lililo bora kuliko tundu lenyewe.

Tatu, pale penye bolti za urefu mbalimbali, kama kwenye pampu ya maji, chora umbo la kipande juu ya ubao wa boksi, toboa matundu, na uchomeke kila bolti mahali pake. Bolti ndefu ikikazwa kwa nguvu katika tundu fupi lisilopenya, yaweza kuipasua injini. Tena magari haya ya zamani yana bolti za vipimo mbalimbali vya meno. Mbili zaweza kufanana kwa macho, kumbe moja itaharibu tundu la mwenzake.

Nne, vitu vilivyozoeana visitenganishwe. Vifuniko vya beringi za mikono ya pistoni havibadilishani nafasi, kwa kuwa kila kifuniko kilichongwa pamoja na mkono wake. Viwekee alama kabla ya kuvilegeza. Vali nane za injini ile nazo zipangwe katika ubao wenye matundu manane, kuanzia silinda ya kwanza hata ya nne.

Tano, usifungue breki za magurudumu mawili kwa pamoja. Maliza moja, na ya pili iwe mwalimu wako wa kukuonyesha springi hukaa vipi. Wala usitupe kipande kikuukuu kabla hujakilinganisha na kipya mkononi.

Rafiki zangu, mtu aweza kusema kwamba haya yote yanapoteza wakati. Ni kweli, kopo na karatasi huchukua dakika chache kila jioni. Debe letu lilitupotezea majuma matatu, na lilikaribia kutupotezea mzazi. Gari lile lingali likitembea hata leo, na ile nati iko mahali pake, pamoja na pini ya kuizuia isilegee. Lakini sisahau kwamba tuliiona kwa bahati, wala si kwa akili.