Mfarishi wa Viraka
Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama, Kasanga



Katika sherehe hii ya miaka kumi, wenzetu wamekwisha kusema juu ya mahindi, maharage na hesabu za fedha. Sisi, akina mama wa ushirika, tumepewa nafasi ya kusema juu ya sindano na uzi.

Tarehe 3 Desemba, 2023, baada ya mvua kubwa, matope, mawe na magogo yaliporomoka kutoka Mlima Hanang, mkoani Manyara, yakaangukia mji wa Katesh na vijiji vya jirani. Watu zaidi ya 80 walikufa, na jamaa nyingi zikabaki bila nyumba. Habari hiyo ilitukuta tukipanda. Hatukuiona kuwa habari ya mbali. Hapa Kasanga penyewe, siku zile Wajerumani walipopaita Bismarckburg, nchi ilitetemeka tarehe 13 Desemba, 1910, kwa tetemeko kubwa la kiasi cha 7.4, na kuta za nyumba zikapasuka. Na miaka ya karibuni tumeyaona maji ya Ziwa Tanganyika yakipanda na kuingia katika nyumba za watu. Maafa hayana mwenyewe.

Wanachama walichanga fedha na mahindi, navyo vikatangulia kwenda, kwa kuwa mwenye njaa hangoji. Kisha zikaletwa nguo. Tulipofungua mizigo ile, tuliona haya. Yalikuwamo magauni yasiyo na mikono, mashati yaliyooza makwapani, na kaptura ambayo mwenyewe asingeivaa hata kwenda kulima. Twasema hivi bila kumlaumu mtu, maana mizigo mingine ilitoka katika nyumba zetu sisi wenyewe. Je, mtu aliyepoteza nyumba amepoteza na heshima yake?

Basi tulizitenga nguo nzima zikaenda. Zile mbovu hatukuzitupa. Katika kila moja palikuwa na mahali palipokuwa pazima bado: mgongo wa shati, pindo la kitenge, upande wa khanga. Tukashauriana kushona mifarishi, yaani mashuka mazito ya kujifunika, yenye viraka juu, pamba katikati na kitambaa kizima chini.

Mzee mmoja alitupinga. Alisema kitambaa kibovu ni kibovu hata kikikatwa vipande. Maneno yake yalitufaa sana, kwa sababu yalitufanya tuweke sharti: hautoki mfarishi hapa ambao hatungemtandikia mgeni wetu wenyewe. Kila kipande kilivutwa kwa mikono miwili, na kilichochanika kilitupwa. Vilivyobaki vilifuliwa kwa maji ya moto, vikaanikwa juani na kupigwa pasi, ndipo vikakatwa kwa kipimo kimoja. Vilishonwa kwa cherehani kuwa uso mmoja wa mita 2 kwa mita 1 na nusu. Kisha tabaka zote tatu zilipigwa bandi, zikashonwa kwa mkono mistari karibu karibu, pamba isije ikakusanyika pembeni siku ya kufuliwa.

Kazi hiyo ni ya polepole. Twafanya jioni, baada ya shamba na jiko, na mshono uliokwenda upande hufumuliwa bila huruma. Mifarishi ya kwanza ilikwisha Juni, 2024, wakati baridi ya uwanda wa Ufipa inapouma. Wako waliosema tumechelewa. Kwa chakula, kuchelewa ni kosa. Lakini wiki za kwanza za maafa zina wageni wengi, magari mengi na blanketi nyingi. Baada ya miezi sita magari yamekwisha kuondoka, na baridi ya Hanang ingaliko. Mfarishi hauwezi kushika mahali pa mahindi. Unafika baada yake, kumwambia mwenzetu kwamba hajasahauliwa.

Wala kazi hii si ngeni kwetu. Kabla nguo za viwandani hazijaenea, mafundi wa Ufipa na bonde la Rukwa walifuma nguo za pamba kwa mikono yao. Ufumaji ule umepotea kwa sehemu kubwa. Haifai na ushonaji upotee, na binti zetu wangali wanaweza kuketi kando yetu wakajifunza.

Kwa hiyo twaliomba Baraza la Ushirika mambo mawili. Kwanza, katika kila chama cha msingi pawe na sanduku la vitambaa vilivyofuliwa, na mifarishi iwekwe ghalani tayari, tusingoje maafa ndipo tutafute sindano. Pili, wanachama wote, waume kwa wake, kabla ya kuleta nguo ya msaada wajiulize: je, ningempa mgeni wangu hii? Kama jawabu ni hapana, leteni hata hivyo, lakini semeni kweli kwamba ni ya viraka. Kazi iliyobaki tuachieni sisi.